Mchumba Aliyekuja Bila Wazee

Zipo habari njema zinazoingia kwa mtu na sura ya msiba. Hii ilimkuta Ukuta kazini, katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali, mikono yake imezama katika shuka za wodi ya wazazi zilizokuwa bado zinafuka mvuke.

Aliyeileta alikuwa Sindano, mpishi wa jiko la wagonjwa na mfungaji wa timu yao ya mpira wa pete, mwanamke mfupi mwenye ulimi mrefu. Aliingia mbio, aproni yake ikiwa imelowa, mwiko bado uko mkononi.

"Umesikia redio?"

"Redio nitaisikilizia wapi na mashine hizi zinanguruma hivi?"

"Wametaja marefa wa fainali. Kipenga yumo! Kipenga wetu wa kwenye vumbi, leo refa wa fainali ya taifa! Sasa tukifungwa tena mtu asiniambie tumeonewa. Yule mtu haki anainywa na chai."

Ukuta aliikunja shuka ncha kwa ncha, akainyoosha kwa kiganja, akaikunja tena.

"Vizuri," alisema.

"Vizuri tu? Wewe mwanamke una damu ya samaki." Sindano alicheka, akageuka na mwiko wake kwenda kuipeleka habari kwa wengine.

Alipobaki peke yake Ukuta aliketi juu ya furushi la nguo chafu, kitu ambacho mwenyewe huwagombeza wenzake wakikifanya. Kipenga, ambaye nchi nzima ilikuwa inamsikia redioni asubuhi ile, alikuwa mchumba wake. Jumapili iliyokuwa inakuja angefika kwa baba yake pamoja na wazee wake, kumposa. Jumamosi ya baada yake ndiyo fainali, na timu ya Ukuta ilikuwa mojawapo ya timu mbili.

Hapo ndipo penye kisa.

Ukuta ni jina la uwanjani. Lile alilopewa siku ya kuzaliwa lilikuwa limebaki kwa baba yake na katika vyeti. Alikuwa mrefu tangu shuleni, mikono mirefu zaidi yake, na kazi yake katika mpira wa pete ilikuwa kulinda goli. Mfungaji wa timu ngeni akiinua mpira aulenge kwenye pete, kitu cha kwanza anachokiona ni viganja vya Ukuta vimetanda mbele ya uso wake kama pazia. Alianza kucheza zamani, wakati mchezo wenyewe machoni pa watu ulikuwa wa kupotezea wakati. Mistari ya kiwanja walichora kwa majivu ya jikoni. Upepo ukivuma mstari unahama, na ugomvi unaanza. Watazamaji wao walikuwa watoto wao wenyewe, waliolazwa kwenye mkeka pembeni. Mwanamume akipita huuliza, "Nyinyi kina mama, nyumbani mnapika saa ngapi?" halafu anaendelea na safari yake, akijiona amesema jambo la maana.

Kisha mambo yakabadilika, polepole kwanza, baadaye kwa kishindo. Timu ya taifa ilisafiri, ikawafunga watu ambao hakuna aliyedhani wanafungika. Ligi ikaanzishwa. Televisheni zikaja na kamera zao. Vinyozi waliokuwa wakigombania mpira wa miguu wakaanza kushikana mashati kwa sababu ya walinzi wa mpira wa pete, na wasichana wa shule wakawa wanapokezana vizibao vyenye herufi, kila mmoja akitaka kuwa fulani aliyemwona kwenye kioo. Wale wale waliouliza kuhusu chakula sasa walimsimamisha Ukuta njiani: "Dada, Jumamosi usituangushe." Fainali ya mwaka huu ilikuwa ichezwe ndani ya ukumbi mkubwa, kwenye sakafu ya mbao inayong'aa kama meza ya sebuleni, na tiketi zilikuwa zimekwisha kabla watu hawajamaliza kujipanga.

Lakini kitu kikikua hukua pamoja na masharti yake. Enzi za majivu, refa alikuwa yeyote mwenye pumzi. Sasa chama cha mchezo kilikuwa na kanuni, na mojawapo ilisema wazi: refa mwenye undugu au uchumba na mchezaji aseme mapema, asipangwe kwenye mechi yake. Akificha akagundulika, matokeo yanafutwa na yeye anafungiwa.

Kipenga hakuwa amesema.

Hakuwa mtu mwovu, na hilo ndilo lililomfanya Ukuta ateseke. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kukata na kusaga vioo vya miwani, katika duka dogo lenye taa kali na harufu ya vumbi la kioo. Huko ndiko walikoanzia. Ukuta alikuwa ametumwa na baba yake kuchukua miwani, akafika, akamkuta nyuma ya kaunta mtu ambaye mashabiki humzomea kila wiki.

"Kumbe ni wewe!" alimaka. "Watu wanapiga kelele refa avae miwani, kumbe unalo duka zima!"

"Nauza zote," Kipenga alimjibu. "Ndiyo maana sioni."

Ukuta alicheka mpaka akasahau alichotumwa. Alirudi kesho yake kuichukua miwani, na kesho kutwa akarudi bila sababu.

Mwanzoni walificha kwa haya. Baadaye kanuni ilipokuja wakaficha kwa hofu. "Nipande daraja kwanza," Kipenga alisema mwaka ule, "halafu nitawaambia." Alipanda. "Basi msimu huu uishe." Ukaisha, ukaja mwingine. Kwa kuwa ligi ilikuwa na timu nyingi, alifanya bidii asipangwe kwenye mechi za Ukuta: leo mafua, kesho ana msiba, wiki ile ameomba aende mkoa wa mbali. Tangu wapendane hakuwahi kupuliza filimbi mbele yake hata mara moja. Lakini fainali ni moja tu, na hakuna mkoa wa mbali wa kukimbilia.

*

Jumapili ilifika. Shangazi yake Ukuta, dada mkubwa wa baba, alikuwa ameshaing'arisha sebule hata nzi akitua anateleza. Alipanga viti kwa kuvihesabu upya kila mara, akavitandika vitambaa, akavitandua, akavitandika tena. Baba, dereva wa gari moshi aliyestaafu, mjane, mtu ambaye maneno yake huyatoa moja moja kama mtu anayegawa dawa, alikuwa amevaa koti lake la heshima tangu asubuhi.

"Mwanangu," Shangazi alisema huku akimrekebisha Ukuta kola ya gauni, "leo usisimame wima sana. Wazee wa watu watashindwa kukutazama usoni, shingo zitawauma."

"Shangazi!"

"Nasema kweli. Keti mapema."

Hodi ikapigwa. Shangazi akakimbilia mlangoni, akaufungua kwa tabasamu pana lililotengenezewa watu wengi. Pale nje alisimama mtu mmoja tu. Kipenga, katika shati jeupe, mikono mitupu.

Shangazi alichungulia nyuma yake, kulia, kushoto.

"Wenzako wanaegesha gari?"

"Hapana, Shangazi. Nimekuja peke yangu."

Tabasamu likakunjwa. Alimkaribisha kwa adabu, kwani mgeni ni mgeni, lakini alipopita karibu na Ukuta alimtupia jicho lililouliza maswali kumi.

Kipenga aliwaamkia, akaketi kwenye ncha ya kiti, magoti yamebanana. Viti vitupu vilimzunguka pande zote. Ukuta alimtazama kutoka mlango wa jikoni. Naye Kipenga alimtazama mara moja tu, haraka, kisha akaangalia chini. Macho yale Ukuta aliyafahamu. Yalikuwa ya mtu aliyekosa usingizi.

"Mzee wangu," alianza, "nimekuja kuomba radhi. Na kuomba muda."

"Muda wa nini?" Baba aliuliza.

"Shughuli ya leo tuisogeze mbele kidogo. Wiki mbili tu. Fainali ikipita, nitakuja na wazee wangu wote, na mjomba wangu tayari…"

"Fainali inahusika vipi na mwanangu kuolewa?"

Kipenga akaeleza. Hakuficha, hakujipamba: kanuni, miaka ya kunyamaza, visingizio vya mafua. Alisema wakimwona leo na wazee, habari itatoka, kwani siku hizi Ukuta akinunua sabuni watu wanajua ni ya rangi gani. Na ikitoka, fainali ameikosa. Akifanya vizuri Jumamosi, chama kitampeleka kwenye mashindano ya bara zima. Umri wake wa kukimbia na filimbi ulikuwa unaishia. Kwenye kipimo cha mbio cha mwaka huu alikuwa amepona kwa kudra tu.

"Nafasi hii nimeisubiri maisha yangu yote, mzee wangu. Haitarudi."

Shangazi alipiga makofi ya mshangao. "Ala! Kwa hiyo huyu bibi harusi ni bidhaa ya magendo? Apitishwe polisi wakiwa wamelala? Mficha uchi hazai, kijana wangu!"

"Dada," Baba alisema, na Shangazi akanyamaza, ingawa midomo iliendelea kutikisika.

Baba alivua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa.

"Nimeendesha treni tangu nikiwa na nywele nyeusi," alisema. "Abiria anayekuja stesheni kila siku, na kila siku anasema nitasafiri kesho, huyo hana safari. Ana mazoea ya stesheni." Akasimama. "Mimi sikufukuzi. Ila usije tena hapa kuniomba nimfiche mwanangu. Sikumzaa ili afichwe."

Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango taratibu. Ingekuwa afadhali angeubamiza.

*

Ukuta alimfuata Kipenga uani, kwenye kamba za nguo. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa imechanganyika na huruma hata hakujua aanze na ipi.

"Ungeniambia kwanza mimi," alisema. "Nimemtazama baba yangu akivaa koti tangu asubuhi."

"Nilikuja jana hospitali. Nikasimama nje ya chumba cha kufulia. Nikakuona unapiga pasi, unaimba. Miguu ikakataa kuingia."

"Kwa hiyo miguu ikakataa kunivunja moyo faraghani, ikakubali kunivunja mbele ya Shangazi?"

Kipenga alishika kamba ya nguo kama mtu aliyetaka kitu cha kumzuia asianguke.

"Ni wiki mbili tu, mpenzi wangu. Nitapuliza kwa haki. Unanijua. Ukikosea nitakuadhibu, wapinzani wako wasipokosea sitawaonea. Nani atadhulumiwa?"

"Wote."

"Vipi wote?"

"Sikiliza." Ukuta alisogea karibu. "Tukishinda, siku watu wakijua, na watajua, mapenzi ni kikohozi, watasema tulibebwa. Kikombe kitachukuliwa. Sindano amecheza tangu enzi za majivu, ameketi benchi na mtoto mgongoni akingoja kuingia, utamwambia nini? Wale wasichana wa shule wanaoandika jina langu kwenye vizibao, utawaambia nini? Na tukishindwa, nitalala kila usiku kando yako nikijiuliza: alinipulizia kwa sababu nilikosea, au kwa sababu aliogopa kuonekana ananipenda?"

Hilo la mwisho lilimwingia. Alifumba macho.

"Hujui unaniomba nini," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Wewe unashangiliwa. Mimi naishi kwa kuzomewa. Kila wiki natukaniwa mama yangu, narudi nyumbani, kesho naamka nakimbia tena. Nimevumilia yote nikiiwazia siku moja, nisimame kwenye ukumbi ule, nchi nzima inatazama, na mtu aseme yule bwana anaijua kazi yake. Siku moja tu. Imefika, unaniambia niiache."

Ukuta alihisi machozi yakimpanda. Alitaka kumshika uso, amwambie basi, haya, tunyamaze. Mkono wake ulinyanyuka kabisa. Kisha akaushusha.

"Sikuambii uiache," alisema. "Sitakwenda chamani kukusemea, hilo ondoa shaka. Lakini uwanja mmoja na wewe umeshika filimbi, sisimami. Ijumaa nikiona bado umepangwa, nitamwambia kocha goti linaniuma. Acheze mwingine."

Kipenga alishtuka. "Fainali? Uiache fainali kwa ajili yangu?"

"Ndiyo."

"Umeisubiri kama mimi!"

"Kama wewe. Nitaiacha, wewe utapuliza, na hakuna atakayekuambia umempendelea mtu. Nitakupa, kwa sababu nakupenda. Lakini usinioe baada ya hapo. Kitu hicho nikishakupa, sitaweza tena kukutazama bila kukikumbuka."

Upepo ulipeperusha shuka moja kati yao, ikawatenganisha kwa muda, ikarudi mahali pake. Walikuwa wameshikana mikono bila yeyote kujua nani ameanza. Mikono ya Kipenga ilikuwa na makovu madogo madogo ya vioo. Ukuta aliyajua yote kwa kuyagusa.

"Niache nifikiri," Kipenga alinong'ona.

"Fikiri."

Akaondoka kwa mlango wa uani, kichwa chini. Shangazi, aliyekuwa amesimama dirishani pasipo hata kujificha, alitoka na kikombe cha chai, akampa Ukuta bila neno. Kwa Shangazi, hilo lilikuwa jambo kubwa.

*

Wiki ilijikokota. Ukuta alifua, akanyoosha, akaenda mazoezini jioni, akaruka, akadaka, akarudi. Kipenga hakuonekana wala hakupiga simu. Duka la miwani lilikuwa limefungwa Jumatatu asubuhi. Jumanne lilifunguliwa, lakini Ukuta alijizuia asipite mtaa ule. Moyoni alikuwa ameshaanza kumzika. Kumzika mtu aliye hai ni kazi ngumu, maana kila ukitupa udongo anaugeuza.

Ijumaa mchana alikwenda kwa kocha kusema habari ya goti. Alikuwa ameyapanga maneno kama shuka kabatini. Kocha, mwanamke mnene mwenye sauti ya king'ora, hakumpa nafasi.

"Umesikia? Wamebadilisha refa. Yule Kipenga hayupo."

"Kwa nini?" Ukuta aliuliza. Alishangaa sauti imetoka wapi.

"Hawakusema. Labda anaumwa, yule naye mafua hayamwishi." Kocha akamtazama. "Wewe ulikuja kusema nini?"

"Nimesahau," Ukuta alijibu, akatoka nje, akaegemea ukuta wa chuo walichokuwa wakifanyia mazoezi, akalia mpaka pua ikaziba. Hakujua kama Kipenga amesema chamani au ameugua au ameondoka mjini. Hakuthubutu kupiga simu. Aliogopa jibu lolote.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Kelele zilikuwa za aina ambayo haziingii masikioni tu. Zinaingia kifuani na kukaa humo. Ukuta aliposimama kwenye pete yake, akiwa na kizibao chake, aliangalia marefa wawili wa pembeni. Wote wageni. Akashusha pumzi, akainua mikono.

Ilikuwa mechi ya kufa na kupona. Sindano alifunga kama mtu anayetunga uzi, nao wapinzani wakajibu kila goli kwa goli. Katika robo ya tatu mfungaji wao, binti mdogo mwenye macho yasiyopepesa, alirushiwa mpira wa juu, mrefu, mzuri. Ukuta aliuona tangu ukiwa mikononi mwa mrushaji. Akaruka. Akaunasa hewani kwa vidole vya mkono mmoja, akatua, ukumbi ukalipuka.

Na katikati ya mlipuko ule akasikia sauti moja.

"Ukutaaa!"

Ilikuwa sauti ya kiume, imepasuka, haina mpangilio, kama ya mtu ambaye hakuwahi kushangilia kitu maishani na hajui jinsi inavyofanywa. Refa hashangilii. Miaka yote ile Kipenga alikuwa amemtazama akicheza kwenye televisheni ya dukani, mdomo umefungwa, uso wa jiwe, asije mteja akamsoma. Ukuta aligeuza kichwa kidogo tu. Akamwona, safu za juu, amesimama juu ya kiti, mikono hewani, shati limechomoka. Kulia kwake alikuwa Shangazi ameziba sikio. Kushoto kwake, katika koti la heshima, alikuwa Baba.

Akapitisha mpira. Hakuweza kuona vizuri kwa muda.

Sekunde za mwisho zilikuta timu zikiwa sawa. Yule binti mwenye macho yasiyopepesa akapokea mpira karibu na pete. Ukuta alimwendea, akanyoosha mikono, akainama juu yake kadiri mwili wake mrefu ulivyoweza. Filimbi ikalia. Refa alionyesha: mlinzi amekaribia mno, ndani ya futi tatu anazotakiwa kuziacha. Penalti.

Kanuni inamtaka aliyekosea asimame kando ya mpigaji, asiinue mkono, asiguse kitu. Basi Ukuta akasimama hapo, mikono imening'inia ubavuni, mlinzi bora wa nchi asiye na ruhusa ya kulinda. Binti alikunja magoti, akanyanyuka, akarusha. Mpira uligusa chuma, ukafikiri kidogo, ukazama.

Filimbi ya mwisho ikalia, na vilio viwili vikapanda kwa pamoja: kimoja cha furaha, kimoja cha uchungu. Sindano alikaa chini katikati ya kiwanja akajifunika uso. Ukuta alimwinua. Kisha akamwendea yule binti, akamshika mabega, akamwambia, "Umestahili," naye binti akaangua kilio kama ndiye aliyefungwa.

*

Ukuta aliwakuta wote watatu kwenye ngazi za safu za juu, watu wakiwa wameshaanza kupungua. Shangazi ndiye aliyesema kwanza.

"Mwanamume wako ameniua sikio. Upande huu sisikii kabisa. Kwenye mahari ataniongezea sikio jipya."

Baba alimshika Ukuta kichwani, kama alivyokuwa akimshika utotoni.

"Alikuja Jumatatu, ukiwa kazini," alisema. "Ametoka chamani moja kwa moja. Amewaambia yote, kisha akaja kuniambia. Jumatano akarudi na mjomba wake. Tumeongea. Nimeridhika."

"Na hamkuniambia?"

"Ndiye aliyekataa."

Ukuta alimgeukia Kipenga. Alikuwa ameketi, mikono magotini, amechoka kama aliyecheza robo zote nne.

"Kwa nini?"

"Ungeingia uwanjani umebeba mzigo wangu juu ya wako. Nilitaka ucheze mwepesi."

"Wamekufanya nini?"

"Wamenishukuru kwa kusema." Alijaribu kutabasamu. "Kisha wamenifungia misimu miwili kwa kuchelewa kusema. Nami misimu miwili sina. Nimewarudishia filimbi."

Ukuta aliketi kando yake. Chini, wafanyakazi walikuwa wanafagia sakafu ile ya mbao, na pete mbili zilisimama tupu kila upande. Baba alimshika Shangazi mkono, akamvuta kuelekea mlangoni, naye akafuata huku akigeuka nyuma kila hatua.

Ukuta alikuwa amepoteza kikombe, Kipenga amepoteza kazi aliyoipenda, na hakuna neno la kulifunika hilo.

"Nataka kukuuliza kitu," Ukuta alisema hatimaye. "Usinihurumie."

"Uliza."

"Ile penalti. Ilikuwa halali?"

Kipenga alimtazama usoni, macho ya Ukuta mekundu, chumvi ya jasho imekauka kwenye mashavu. Ukuta aliona jinsi alivyotamani kumpa kitu, chochote, siku hiyo ambayo wote wawili walikuwa hawana kitu. Neno moja la uongo, nani angelijua?

"Halali," alisema. "Mguu wako wa kushoto ulikuwa ndani ya futi tatu. Ningekuwa mimi, ningepuliza."

Machozi yakamtoka Ukuta, ya kwanza tangu filimbi ya mwisho. Aliinamisha kichwa chake kirefu mpaka kikafika begani kwake, hapo hapo, mbele ya wafagiaji na mashabiki wa mwisho mwisho waliosimama kuwakodolea macho.

"Nilijua," alisema. "Nilikuwa nataka tu kujua kama wewe utaniambia."